Zamu ya Mlango

Mdogo wangu mpenzi,

Shati ulilomtumia baba limemkaa vizuri, ila kitambi kinadai nafasi zaidi. Paka naye amezaa juu ya vitambaa vya wateja wangu. Nimemwacha, maana mzazi hafukuzwi.

Kuna jambo utalisikia kwa watu, heri ulisikie kwangu. Yule fundi viatu wa mlango wa pili ameuawa. Wezi walimvamia mchana kweupe, wakamchoma kisu akiwa kitini pake, wakaondoka na simu yake. Mimi nilikuwa hapa hapa nashona. Kwa kelele za cherehani sikusikia kitu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tangu hapo, jioni tukikaa kusali, mmoja wetu hafumbi macho. Anaangalia mlango, wengine wanaomba. Baba ndiye aliyepanga zamu. Anasema Mungu hawezi kutukasirikia kwa kujilinda.

Jana ilikuwa zamu ya mama. Katikati ya sala nikachungulia, nikamkuta amefumba macho kabisa, midomo inacheza. Tulipoitikia amina, baba akang'aka, "Mama watoto, mlango umemwachia nani?"

Mama akaanza kukunja mkeka taratibu. "Fundi viatu alikaa akiutazama mlango miaka yote," akasema. "Mimi nimemwachia huyo huyo tunayemwomba."

Baba akainuka. Alikwenda kujaribu komeo, kisha akarudi kukaa.

Leo jioni ni zamu yangu. Niombee, mdogo wangu, niweze kufumba macho.

Dada yako