Kitufe cha Akinyi

Jumatatu, 3 Machi
Kinu cha unga kilicho chini ya ofisi yetu kimeanza, meza inatetemeka kama kawaida. Tovuti ya Mama Hema, mteja anayekodisha hema na viti, inaendelea. Akinyi ametengeneza kitufe kimoja cha kurasa zote. Kinakubali rangi tatu tu alizoziorodhesha. Ukiweka ya nne, kompyuta inachora mstari mwekundu wa kosa. Bosi wetu Wafula amekisifu mbele ya kila mtu. Mimi na Akinyi tulisoma darasa moja na mtihani nilimpita. Nafasi ya kudumu ni moja tu. Roho inaniuma.

Jumatano, 5 Machi
Mama Hema anataka zambarau kwenye ukurasa wa matanga. Kitufe cha Akinyi kimenikatalia. Ningeweza kumwomba aiongeze. Nimwombe yeye? Sitaki.

Nimeandika changu. Zambarau nimeijaribu kwanza kwa jina lake zima, ikatokea. Kisha nikafuta, nikaandika kitufe kiunge chenyewe jina la rangi kutoka vipande viwili. Kinapokea rangi yoyote, hakina maringo. Wafula ameangalia, akasema, "Hii nayo iko sawa." Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 7 Machi
Tovuti iko hewani. Akinyi ana viatu vipya. Hata viatu vinamkaa vizuri, Mungu wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Mama Hema kapiga simu akifoka: "Kuna msee wa Kawangware amefiwa, anataka tent, na haoni pahali pa kubonyeza!"

Kitufe changu kimekosa zambarau: maandishi meupe juu ya weupe. Tovuti inapowekwa hewani hubeba rangi zile tu zilizoandikwa kwa jina zima. Vipande vyangu haikuvitambua. Kwenye kompyuta yangu ilionekana kwa sababu ilikuwa bado inakumbuka lile jaribio nililofuta.

Akinyi aligundua kabla sijafungua faili. "Usijali, Nekesa. Hata mimi hiyo ilishaninyorosha, ikanitesa siku nzima." Mbele ya Wafula! Heri angenicheka.

Jumatatu, 10 Machi
Akinyi amepewa kazi. Mimi nabaki wa kuitwa kazi ikizidi. Nimempongeza kwa tabasamu la meno tu. Nilipofika nyumbani nililia, kisha nikapika sukuma wiki.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Nimefuta kitufe changu, nikaongeza zambarau kwenye orodha yake. Kimekubali. Akinyi amepita, akaangalia, akaniletea chai. Nimesikia amemwomba Wafula tugawane kazi ya mteja ajaye.

Chai ilikuwa tamu. Bado namwonea wivu, na sasa sina hata la kumlaumu.