Mkulima Aliyetumwa Kusema

Kensington-Bailey,
Buffalo, New York.
9 Mei 2024

Mpendwa mwanangu Polycarpe,

Amani ya Bwana ikukute u mzima, wewe, mkeo Bulonza na watoto. Je, mgongo umepata nafuu, au bado unainua masanduku ghalani kana kwamba una miaka ishirini? Mimi, shangazi yako, sijambo. Magoti yananisumbua, lakini theluji imekwisha na lengalenga zangu, ule mchicha wa kwetu, zimeota kwenye ndoo.

Dada yako Jolie alinipigia simu kutoka Columbus. Amenieleza kwamba Jumanne ijayo kuna mkutano wa kuamua iwapo familia zenu zitaendelea kulima kile kiwanja hapo Louisville au zitaondoka, na kwamba wote walikuchagua wewe uwasemee. Umekataa. Umesema, "Bon, miye niko mulimaji tu. Ntasema nini mbele ya bakubwa?"

Nimeliandika neno lako kama ulivyolitamka. Sikulisahihisha.

Katika darasa letu la Kiingereza tulisoma kijitabu juu ya mkulima wa karne ya kumi na tisa, Orrin Peasley, aliyeishi kusini mwa mji huu. Aliacha shule akiwa na miaka kumi, akafyeka msitu, akapanda ngano na matufaha. Majirani zake walimtuma bungeni kuomba daraja, kwa maana kila masika mto uliwatenga na kinu cha kusagia ngano. Siku ya kwanza alikosea maneno, waheshimiwa wakacheka. Akawaambia, "Ng'ombe wangu hunielewa. Nanyi jitahidini."

Daraja lilijengwa. Alichaguliwa tena mara nne, na kila mavuno aliomba ruhusa akakate ngano yake. Kaburini hawakuandika "mheshimiwa". Waliandika "mkulima".

Hapo nilifunga kijitabu, nikakukumbuka ukiwa darasa la tatu kule Uvira. Nilikuuliza, kama nilivyowauliza wenzako wote, baba yako hufanya kazi gani. Ukajibu kwa furaha, "Ni mulimaji!" Nami, mwalimu wako, nikakusimamisha mbele ya wenzako urudie "mkulima" mara kumi, huku wakikucheka. Tangu siku ile hukunyoosha mkono tena.

Sarufi yangu ilikuwa sahihi. Moyo wangu ndio uliokosea. Baba yako alikuwa kaka yangu, na mihogo ya shamba lake ndiyo iliyonisomesha hiyo sarufi. Nisamehe, mwanangu.

Jumanne nenda. Mkalimani atakuwepo. Waeleze mlivyokuta mawe na vigae, na mnachokivuna sasa. Sema kwa maneno yanayokujia. Wakicheka, wakumbushe ng'ombe wa Peasley.

Nisalimie Bulonza, na umbusu kitindamimba wenu Gloire. Jolie anawasalimu, ameahidi kuja kuketi nyuma yako siku hiyo.

Mungu aliyempa baba yako jembe akupe wewe sauti.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, dada wa mulimaji,

Kornelia