Saa ya Kopo la Halua

Jumanne, 7 Mei

Waswisi wana bahati nilizaliwa Kairo. Ningezaliwa kwao, leo viwanda vyao vya saa vingekuwa maghala ya viazi. Mimi, Zuhdi, niliyeacha shule kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha, naunda saa ya kitajiri. Kwa mikono hii. Mikono gani! Naweza kumvalisha sisimizi soksi, zote sita.

Saa ni ya baba. Ijumaa alipiga simu kutoka Jeddah, dakika nne. Tatu alimsifu tajiri anayemwendeshea gari — eti ana saa ambayo mshale wa sekunde haurukiruki, unateleza kama samli kwenye kikaango. Dakika ya nne akasema Idi hii anakuja. Atakaa siku nne! Miaka mitatu sijamwona. Si kwamba nahesabu.

Jumatano, 22 Mei

Mashine nimeitoa kwenye saa ya Kijapani iliyokufa, ndani ya ndoo ya vyuma vibovu ya Fundi Tadros, fundi saa ninayemfanyia kazi sokoni Ataba. Ganda — soko la Ijumaa, bei ya sahani mbili za koshari. Uso nimeukata kwenye mfuniko wa kopo la halua, na kidirisha cha tarehe nimekitoboa. Rangi ya kijani ni ya kucha: Mama Nagat wa ghorofa ya juu amenishushia chupa kwa kikapu chake cha kamba, pamoja na maharage. Akapaza sauti mtaa mzima usikie, "We Zuhdi! Umepata mchumba, au umegeuka mchumba?" Nikamwambia ninao watatu, wanapigana ngazini. Akacheka. Akavuta kikapu. Dirisha likafungwa.

Kimya tena. Mimi na friji. Na friji ndiyo inayoongea.

Jumapili, 9 Juni

Inatembea! Mshale unateleza!

Fundi Tadros kaweka lenzi jichoni, kaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, fundi. Ila nimeshakupita."

Kanipiga kofi la kisogoni — la mapenzi, lakini linauma. Halafu akaanza maswali. Eti kabla ya kupachika mishale nilizungusha mpaka tarehe ikaruka, ndipo nikaiweka yote juu ya kumi na mbili? Nikasema ndiyo, ndiyo, mimi mtoto? Sikumbuki vizuri. Kumi na mbili ni kumi na mbili.

Akaniambia nichonge jina langu kwa ndani, nyuma. Fundi huweka jina, anasema. Sikuchonga. Nani anataka saa ya Zuhdi?

Jumamosi, 15 Juni

Kesho Idi. Baba ametua, yuko njiani. Nimefagia mara tatu. Nimetoa mto wa pili kabatini — unanuka uvundo. Nimeupigapiga dirishani.

Jumapili, 16 Juni

Baba amepungua. Au mimi nimerefuka.

Tulipotoka swala ya Idi nikampa. Nilikuwa nimeifunga ndani ya soksi mpya. Akaitazama. Akaiweka sikioni. Macho yakajaa maji, wallahi!

"Hii si kama ya tajiri?"

"Ndiyo yenyewe, baba."

"Umeipata wapi wewe?"

Jibu nilikuwa nalo. Mwezi mzima nimelifanyia mazoezi mbele ya friji. Lakini alikuwa ananitazama kama mwanamume anavyomtazama mwanamume mwenzake. Nikasema nimeinunua kwa Fundi Tadros, nimelipa kidogo kidogo. Akanibusu kipaji cha uso. Akaivaa mkono wa kulia, na kwa mkono huo amewapungia watu kutwa nzima, hata asiowajua.

Jumatatu, 17 Juni

Baba karudi kutoka swala ya adhuhuri. Kaninyooshea mkono.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na saba."

"Soma."

Kumi na nane. Asubuhi ilikuwa kumi na saba — imeruka mchana kweupe, anasema, yuko msikitini anaitazama. Ya tajiri huruka usiku wa manane. Nikajua palepale. Mishale hufika juu ya kumi na mbili mara mbili kwa siku, mchana na usiku wa manane, na mimi nilikamata ya mchana.

"Umetapeliwa, mwanangu," akasema polepole. Mwanangu! Halafu akawaka. "Huyo fundi kakuona huna mama, baba yuko mbali, akasema huyu hana mtu. Leo ataniona!"

Akakaa kitandani kuvaa viatu. Fundi Tadros ni Mkristo, Idi yetu hafungi duka. Atakutwa. Atatukanwa mbele ya Ataba nzima, yeye aliyenipa mashine bure. Nilipaswa kusema. Lakini hakuna aliyewahi kufunga viatu kwa ajili yangu. Nikajiambia nitazame kidogo tu. Kamba ya kwanza. Kamba ya pili.

Sasa yuko mtaani. Mama Nagat anamuuliza toka dirishani, mbio za wapi na Idi hii? Namsikia akijibu kwa sauti ya kutangaza, "Kudai haki ya mwanangu!" Nami nimeshika kalamu, mlango uko hatua tatu.

Tarehe si kitu. Nusu saa tu naitengeneza. Kilichoharibika ni kimoja: mimi, ninayejisifu hata kwa nisivyoviweza, baba aliniuliza nimeipata wapi — nikaona haya kusema nimeiunda mimi.