Msiba na Mpira Kwenye Ukurasa Mmoja

Nakuru, Jumapili, 18 Agosti 1957. Mwaka wa pili unakaribia kwisha tangu nitoke nyumbani. Mawingu yamekaa juu ya Menengai tangu asubuhi, na mvua haiji.

Sina huzuni leo. Sina chochote. Midomo imekufa ganzi kwa vumbi la maua ya pareto kiwandani, na kifuani ni hivyo hivyo.

Binti yangu Nekesa amefariki. Habari ililetwa na binamu yangu Wafula, ambaye hufagia mabehewa ya treni ya Uganda. Homa ilimchukua, wakamzika. Nilikwenda kwa nyapara kuomba ruhusa. Akasema, "Barasa, ameshazikwa. Utakwenda kumfanyia nini? Ngoja Desemba." Nikarudi kubeba magunia.

Kwetu mtu akifa watu huja kukaa nawe uani. Hawasemi sana, wanakaa tu. Mimi hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi, nina kitanda, sina ua. Ndiyo maana niliwaza kumtangaza kwenye gazeti letu.

Ni gazeti dogo la sisi wanafunzi wa darasa la jioni, pale ukumbi wa kanisa. Mimi ndiye hupanga kurasa, kwa sababu kiwandani huchora herufi kwenye magunia na mkono wangu umenyooka. Niliona gazeti la mjini limefungiwa sukari, maandishi yamekatwa vipande vyembamba vilivyosimama. Nikapenda. Nikaweka mpira kushoto, Nekesa kulia. Sikuacha nafasi katikati, karatasi ni ghali.

Kabla ya kuchapa nakala zote, huwa tunachapa moja ya kujaribu na kuisoma bombani, watu wanapochota maji. Jana alisoma Otieno, jirani yangu. Amejifunza kusoma kama mimi, kwa kitabu ambacho mstari huanza huku na kuishia kule. Kwa hiyo alivuka. Alisoma kipande cha mpira, akaingia kwa mtoto, akarudi kwa mpira:

"Timu ya landhi ilifunga mtoto mpendwa dakika za mwisho aliyefariki kwa homa..."

Watu walicheka. "Rudia hapo!" mpishi mmoja alipiga kelele. "Mpira gani huo wa kuua watoto?" Otieno mwenyewe alikuwa akifuta machozi kwa kucheka.

Nilicheka pia. Sijui kwa nini.

Halafu akafika kwenye jina langu. Akanitazama. "Barasa. Huyu ni wako?"

Nikasema ndiyo. Mtu akafunga bomba.

Kesho Wafula anapita na treni na atabeba nakala moja ampelekee mke wangu. Mke wangu hajui kusoma. Atasomewa na mtu, uani, mbele ya watu, kama tulivyosomewa sisi. Ukurasa ule ungekwenda vile, wangemcheka mtoto mbele ya mama yake.

Leo baada ya kanisa nilichukua karatasi nyingine ya nta, ile ya kuchapia, na kuwauliza wenzangu nifanye nini. Mwalimu alisema nipige mstari katikati. Nikaupiga kwa penseli kwenye ile nakala, nikampa Otieno asome. Akauvuka. "Ndugu yangu, usinikasirikie," alisema. "Jicho likishaanza kwenda, linakwenda tu."

Mama Achieng', anayetuuzia uji, hajui hata herufi moja. Alisema, "Hao wacheza mpira wana haraka gani? Si wangoje? Mpe mtoto ukurasa wake."

Mwalimu hakupenda, maana kurasa ni nne tu na timu ilishinda. Sikubishana naye. Nilitoa mpira. Nikaandika kwa mistari mirefu, ya kutoka ukingo mpaka ukingo, kama kitabu tulichofundishiwa. Niliacha nafasi kubwa kila baada ya sentensi ili msomaji avute pumzi. Jina nililiweka peke yake. Mkono haukutetemeka. Ningefurahi kama ungetetemeka.

Jua lilipoanza kushuka Otieno alisoma tena palepale bombani. Alifuata kwa kidole, polepole. Nekesa, binti wa Barasa. Alikuwa akijifunza kuchota maji. Amezikwa nyumbani kwa babu yake.

Alipomaliza nilingoja waondoke. Hakuna aliyeondoka. Mpishi alikaa juu ya ndoo yake. Mama Achieng' alikunja leso akaketi chini. Otieno akaja akaketi karibu yangu. Walikaa mpaka giza lilipoingia.

Bado sijalia. Lakini walikaa.

Karatasi iko tayari, inachapwa asubuhi kabla ya treni. Nitamwambia Wafula amwambie mama Nekesa kwamba nitafika Desemba, nyapara akitimiza neno lake.