Muravumba, Mtu Hajipaki

Rusumo, Alhamisi

Mpendwa dada Selestina,

Shikamoo. Natumaini huko Kaniha mmeamka salama, na goti la shemeji limemruhusu kushika jembe. Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja nitakalolifikia.

Leo asubuhi mtafiti Eustakia ametutangazia waandishi kwamba maji ya majani ya muravumba, yale aliyokuwa akituchumia mama, yamezuia fangasi wa choa kukua kwenye maabara yao. Akatuonya tusiandike kwamba yanaponya, maana kisahani cha maabara si ngozi. Sasa watajaribu kwa watu.

Majani yanatoka kwa Bibi Genoveva wa Mbuba. Amekubali kuyatoa kwa sharti moja: mgonjwa asijipake, apakwe na mtu wa kwao. Nilipokwenda kumhoji wiki iliyopita, dereva mmoja wa lori alifika peke yake kuomba dawa. Bibi akamwuliza kama huo mgongo ataulamba kama ng'ombe, akamrudisha mikono mitupu. Watu walicheka. Nami nilicheka, huku nafunga vifungo vya koti.

Nilimwuliza Eustakia kama sharti hilo lina ushahidi wowote. Alisema hana, ila choa cha mgongoni kinataka mkono wa pili, hivyo ameliingiza kwenye utaratibu.

Dada, nami ni mgonjwa. Choa kimenishika toka bega mpaka kiunoni. Zahanati walinipa dawa ya tyubu; niliipaka kwa mwiko uliofungwa kitambaa, shati likapata zaidi yangu. Ulipomwulizia wifi yako Yuster kwenye simu, nilikwambia yuko safarini. Alirudi kwao baada ya Pasaka na amesema harudi tena. Majirani zangu hapa ni madereva. Wanasubiri forodha, wakishapata karatasi wanavuka, wanakuja wengine.

Nimejiandikisha kwenye majaribio hayo. Eustakia aliponiuliza nani atanipaka, nilikutaja wewe kabla sijakuomba.

Barua hii anakuletea kondakta wa basi la kesho, kwa sababu kwenye simu maneno haya yalinishinda. Nisalimie shemeji na watoto. Ule muravumba wa nyuma ya jiko msiukate.

Majaribio yanaanza Mbuba Jumatatu, saa tatu asubuhi. Jumapili jioni nitakuwa stendi ya Ngara, basi la kutoka kwenu Biharamulo linapoingia.

Mdogo wako,
Alfonce