Masharti Mapya, Nami Nimo Edani

Jumatatu, 17 Mei 1999. Munje.
Nimeswali, nimefagia chumba, nimeketi. Mvua. Nguo ni ileile nyeupe. Eda haijafika hata miezi mitatu. Mume wangu alizikwa Maskati, alikokuwa mpishi. Sina hata kaburi la kuzuru. Nina barua zake tu, nazo zimo katika kompyuta. Wiki aliyofariki alinipigia simu kwamba amenitumia barua ndefu. Sikuwahi kwenda Ukunda kuisoma, msiba ukafika. Itaningoja.

Jumamosi, 5 Juni.
Mwanasha, binti wa kaka yangu na mwanafunzi wangu wa zamani, amekuja kutoka Ukunda, anakofanya kazi katika ofisi ya kompyuta. Wenye tovuti ya barua wamebadilisha masharti. Kuanzia tarehe 15, kila kilichomo katika sanduku lisilofunguliwa kwa miezi mitatu kitafutwa. Tangazo wamelibandika kwenye tovuti. Atakayeliona ni aliyeifungua. Mimi nimo ndani, eda hainiruhusu kutoka.

"Shangazi, nipe neno la siri nikufungulie."

Nimekataa. Masharti niliyoyakubali yalisema neno hilo halipewi mtu. Niliyasoma yote, kamusi mkononi. Wala si hilo tu. Neno lenyewe ni jina aliloniita marehemu tukiwa wawili. Mtoto wa kaka yangu alijue? Nitauweka wapi uso wangu?

Jumanne, 8 Juni.
Nimemwomba kaka ruhusa ya kutoka mara moja, mchana.

"Dada, ingekuwa hospitali ya Msambweni, ningekupeleka mwenyewe. Barua si ugonjwa."

Sikubishana. Nina hasira naye. Usingizi hakuna.

Jumamosi, 12 Juni.
Nimeshindwa. Nimeliandika neno kwenye karatasi, nikampa Mwanasha. Akalisoma.

"Kumbe, shangazi! Na sisi darasani tulivyokuwa tukikuogopa!"

"Kunja karatasi, ushike njia."

Amecheka hadi nje. Nimeona aibu. Nimeona na raha kidogo, siwezi kukana. Tangu msiba, hakuna aliyelitaja jina lile.

Jioni amerudi. Mvua imekata simu Ukunda nzima. Bila simu, kompyuta haifiki popote.

Jumanne, 15 Juni.
Simu bado.

Jumatano, 16 Juni.
Simu zimerudi leo asubuhi. Mwanasha amefungua sanduku. Barua ya marehemu haimo. Za zamani hazimo. Wameacha moja, ya kwao wenyewe: onyo kwamba masharti yatabadilika. Waliileta mwezi wa Mei, ndani ya sanduku lilelile nisiloweza kulifungua.

Alinieleza amesimama mlangoni. Hakucheka. Nilimwambia aende akale.

Ningalimpa neno ile Jumamosi ya kwanza, ningalikuwa na barua yake. Basi.

Jumatano, 7 Julai.
Eda imekwisha jana. Nimeoga, nimevaa leso mpya, nimekwenda Ukunda. Mwanasha ameniachia kiti chake, akatoka nje. Nimeliandika jina lile kwa kidole kimoja. Masharti mapya yakatokea; sasa hufungui kabla ya kuyakubali. Nimeyasoma yote, mstari kwa mstari, kama nilivyoyasoma yale ya kwanza. Mwishoni palikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali.

Nimekibonyeza. Sanduku likafunguka, jeupe, ila onyo lile.

Nimefika nyumbani kabla ya alasiri. Nimefagia chumba.