Kisu cha Kioo

Mujukuu wangu Neema,

Amani ikufikie huko Meksiko. Hapa Mulongwe, mtaani kwetu Uvira, tuko wazima, na maji ya mto yaliyofurika yameondoka njiani. Unauliza kama kweli wazee wa huko walitengeneza visu na vioo vya kujitazamia kwa obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa na kuvunjika kwa makali kama kioo. Naamini.

Wakati wa uasi wa hapa kwetu tulikimbilia milimani, na huko shangazi yangu akashikwa na uchungu. Wembe hatukuwa nao. Mtoto alipotoka, nilivunja chupa, nikachemsha kipande chenye makali.

"Hicho ni kioo cha chupa," shangazi akasema.

"Ni cha chupa, lakini kitakata."

Nikakata kitovu mara moja. Mtoto akalia kwa nguvu, na sote tukacheka.

Nilirudi Uvira nikiitwa mkunga, na nilikuwa na miaka kumi na saba tu.

Nyanya yako,
Mapendo